Mita Ilisema Vyumba Sita

Naandika haya nikiwa na hasira, na sitasubiri ipoe. Wenzangu kazini wananiambia, "Fundi, mambo yameisha, acha." Yameisha kwao. Mimi ndiye niliyekunja suruali nikaingia kwenye ule mtaro nyuma ya nyumba, na mpaka leo nikikaa kimya nayasikia yale maji yakidondoka taratibu, hayana haraka wala haya.

Mwenye mkasa wenyewe ni mwanamke tunayemwita Dada Mita. Ni msoma mita wa kampuni ya maji, mwaka wa ishirini na sita huu, na mimi ni fundi bomba wa kampuni hiyohiyo. Kila asubuhi anatoka na daftari, kalamu mbili na ndoano ya chuma ya kufunulia mifuniko. Akifika kwako hana maneno mengi. Anaupiga mfuniko teke moja ili wadudu watawanyike, anaufunua, anasoma namba kwa sauti, anaandika, anakwenda zake. Umwambie hukuwepo mwezi mzima, umwambie mita yako ni mbovu, umwambie wageni ndio waliomaliza maji, atakuitikia "sawa" kisha ataandika alichokiona. Midomo ya watu haiamini hata kidogo. Kuna mkubwa mmoja aliwahi kuificha mita yake chini ya pipa la takataka na kuweka mbwa juu yake, na Dada Mita akamsubiri mbwa asinzie.

Ana miaka hamsini na miwili, mjane, na bintiye wa pekee ameolewa mbali. Mwaka jana kampuni ikatangaza kwamba inaleta mita mpya zinazotuma namba zenyewe ofisini, hivyo wasoma mita wote watapumzishwa mwisho wa mwaka huu. Ndiyo lugha yao hiyo, kupumzishwa, utadhani kuna mtu alilalamika kuchoka. Kiinua mgongo chenyewe kinatosha kununua kitanda cha kupumzikia na labda godoro lake. Kitu cha maana alichobaki nacho ni akiba yake kwenye chama cha wafanyakazi, milioni arobaini na nne, zilizokatwa kwenye mshahara kidogo kidogo tangu akiwa msichana. Akaamua kununua vyumba vya kupangisha ili uzeeni ale kodi. Hakuwa na mpango wa pili. Pesa hizo zikipotea, basi tena, ni kwenda kukaa sebuleni kwa mkwe wake.

Ana mdogo wake wa kiume, wa tumbo moja, dalali wa nyumba. Wazazi wao walikufa mapema, kwa hiyo Dada Mita ndiye aliyemlea, akamlipia ada, akamnunulia suti ya kwanza, na mara mbili akamtoa polisi kwa dhamana. Ni kijana wa viatu vilivyong'arishwa na ulimi wa asali. Dada yake alipomwambia anatafuta nyumba, kijana akamshika mikono yote miwili.

"Dada, hilo niachie mimi," akasema. "Nyumba ya kwanza mtu hanunui kupitia mtu baki."

Miezi minne ikapita, mimi sijasikia kitu. Kisha siku moja mchana Dada Mita akanijia karakana, uso umechangamka, akaketi juu ya debe la gundi ya mabomba na kunionyesha karatasi. Mdogo wake kampatia nyumba. Vyumba sita kwa mstari mmoja, choo na bomba la maji uani, mita moja kwa wote. Kila chumba kinalipa elfu sitini kwa mwezi, na vyote vimejaa. Bei ni milioni arobaini na mbili. Mwenye nyumba ni mzee mmoja aliyekuwa mwoka mikate, anataka kuuza aende kwa watoto wake.

Hesabu alikuwa keshaipiga nyuma ya kadi ya zamani ya mita. Sita mara elfu sitini, laki tatu na sitini kwa mwezi. Hakuzidisha kwa kumi na mbili kama wengine wanavyojidanganya. Alizidisha kwa kumi na moja, kwa sababu kila chumba lazima kikae tupu mwezi mmoja kwa mwaka, mtu akihama mwingine hajaja. Ikaja milioni tatu, laki tisa na sitini. Akatoa laki nne na sitini za rangi, vitasa, kunyonya choo na kodi ya jengo. Ikabaki milioni tatu na nusu kwa mwaka. Arobaini na mbili gawanya kwa tatu na nusu.

"Miaka kumi na miwili," akaniambia. "Nikifika sitini na nne pesa yangu yote imesharudi, na nyumba bado yangu. Unaonaje, Fundi?"

Nikamwambia hesabu ni safi, lakini imesimama juu ya neno moja, kwamba vyumba vimejaa. Umegonga milango? Umeongea na wapangaji?

Hakugonga. Mdogo wake alimwomba asigonge, eti wapangaji wakijua nyumba inauzwa watashtuka na kuhama. Alimpeleka Jumamosi adhuhuri, akaona mapazia madirishani, makufuli milangoni na ndala nje ya kila kizingiti. Wako kazini, akaambiwa.

"Na wewe ukaamini mapazia?" nikamuuliza.

Akanicheka. "Mimi? Mimi nimeamini mita."

Maana yake alikuwa ameisoma. Miezi mitatu mfululizo, tangu mdogo wake alipomtajia nyumba ile, alikuwa akipita kimyakimya na ndoano yake, anafunua, anasoma, anaandika kwenye daftari lake mwenyewe. Uniti ishirini na saba, ishirini na nane, ishirini na saba. Miaka ishirini na sita imemfundisha kwamba familia ya chumba kimoja hutumia uniti nne na nusu kwa mwezi, na ukigawa ishirini na saba kwa nne na nusu unapata sita. Mapazia hudanganya na karatasi hudanganya, ila hajawahi kuona mita ikila njama na mtu. Alinifungia hoja hivyo, na mimi nikanyamaza, kwa sababu nilikuwa nimeridhika pia. Hilo nalijutia. Mtu mwenye kazi yangu hakupaswa kuridhika.

Akatoa milioni tano za kwanza, akamkabidhi mdogo wake ampelekee mzee. Zilizobaki zingelipwa Ijumaa ya wiki iliyofuata, mbele ya wakili.

Siku mbili kabla ya Ijumaa hiyo akaniomba nikaangalie mabomba. Hakuwa na shaka yoyote. Alitaka tu kujua kama yanahitaji kubadilishwa mwaka huu au mwakani, aingize gharama kwenye hesabu. Tukaenda saa nne asubuhi. Yeye akaupiga mfuniko teke, akaufunua, akasoma namba zake. Mimi nikainama kufuta kioo kwa kidole.

Sasa nieleze kidogo. Ndani ya mita, pembeni mwa namba, kuna kagurudumu kadogo kekundu. Msoma mita hana habari nako, yeye anataka namba aende nyumba ya pili, ana nyumba mia za kumaliza. Kagurudumu hako ni ka mafundi. Watu wakitumia maji kanazunguka, kanasimama, kanaruka, kanatulia, maana mtu anajaza ndoo, anafunga, mwingine anakuja kunawa. Hako nilikokaona kalikuwa kanazunguka polepole, sawasawa, bila kusimama. Nikageuka kutazama bomba la uani. Limefungwa, na ndoo iliyokuwa chini yake ni kavu.

"Dada," nikasema, "hapa kuna maji yanakwenda mahali."

Tukalifuata bomba. Linapita chini ya choo, linatokea nyuma ya ukuta, na pale nyuma mtu alikuwa ameunga mpira mwembamba wenye koki yake ndogo, akauzamisha kwenye mtaro na kuufunika kwa matofali mawili. Nikakunja suruali nikaingia. Kiangazi kile, kila kitu mtaani kimekauka kau, lakini ukingo wa mtaro ule ulikuwa na majani mabichi mpaka magotini. Koki ilikuwa imefunguliwa kiasi tu, maji yanatoka kama uzi.

Mama mmoja akachungulia kutoka chumba cha kwanza, pasi mkononi. Huyo hufulia watu nguo na kuzipiga pasi.

"Kaka, huo mpira usiuguse," akaniambia. "Yule dalali alisema unasafisha mabomba. Anakuja kila wiki kuuangalia."

"Tangu lini, mama?" Dada Mita akauliza.

"Mwezi wa nne sasa."

"Na majirani zako wako wapi?"

Yule mama akamtazama kama aliyeulizwa jambo la ajabu. Majirani gani? Pale alikuwepo yeye na mlinzi mmoja wa chumba cha sita. Vinne vya katikati vilihamwa tangu mvua zilizopita kwa sababu paa linavuja. Mapazia aliyaweka dalali. Ndala pia. Nikaenda kuangalia zile ndala, nikakuta mbili ni za mguu wa kushoto. Na kodi yenyewe, akasema, ni elfu arobaini na tano, haijawahi kuwa sitini.

Mimi nilianza kutukana. Nisingizie nini, nilitukana kwa sauti mpaka yule mama akarudi ndani. Dada Mita hakutukana. Aliigeuza ile ndoo kavu, akaikalia, akatoa kalamu.

"Viwili mara arobaini na tano," akasema, "tisini. Mara kumi na mbili, milioni moja na elfu themanini. Arobaini na mbili ukigawa kwa hiyo ni miaka thelathini na tisa, Fundi. Hapo sijapiga msumari hata mmoja kwenye paa. Pesa yangu ingerudi nikiwa na miaka tisini na mmoja."

Kisha akasema lile ambalo mimi nilikuwa bado sijalifikia kwa sababu ya matusi yangu.

"Mnunuzi mwingine yeyote angegonga mlango. Mpira huu haukuwekwa kwa ajili ya mnunuzi. Umewekwa kwa ajili yangu."

Na akakumbuka. Mwanzoni mwa mwaka, kijana alikuja kula kwake, kama alivyozoea, mikono mitupu. Wakati wa kunawa akamuuliza, kama mtu anayepiga soga tu, "Dada, hivi familia ya chumba kimoja hutumia maji kiasi gani kwa mwezi?" Naye akamweleza. Alifurahi, masikini. Aliniambia palepale juu ya ndoo, "Nilifurahi kwa sababu hajawahi kuniuliza habari za kazi yangu tangu azaliwe." Akamweleza uniti nne na nusu, akamweleza mvua na kiangazi, akamwongezea nyama kwenye sahani.

Ndiyo maana koki ilifunguliwa kiasi tu. Alipima. Vyumba vinne, uniti kumi na nane, tone kwa tone, na kila wiki anakuja na viatu vyake vya kung'aa kuhakikisha hazizidi wala hazipungui. Kijana ambaye hajawahi kufanya kazi yoyote mpaka mwisho, hii aliifanya kwa uangalifu wa mfamasia. Na ile bei, arobaini na mbili, aliitoa wapi? Dada yake alimwambia ana arobaini na nne. Akamwachia mbili za kuendea kwa mkwe.

Nikamwambia twende polisi sasa hivi.

"Watamkamata, halafu jioni watanipigia mimi nije kumdhamini," akasema. "Ijumaa twende kwa wakili."

Ijumaa tukaenda. Ofisi ndogo, feni inayolia, kiti cha mteja kimefungwa kamba mguu mmoja. Mzee mwoka mikate alikuwa ameshafika, kofia mapajani. Kijana naye yupo, suti ya kijivu, anamsalimia kila mtu mara mbili. Aliponiona alisita.

"Fundi naye anafanya nini hapa?"

"Ni shahidi wangu," dada yake akamjibu. Kisha akamgeukia mzee. "Shikamoo, mzee. Nyumba yako unaiuza shilingi ngapi?"

Mzee akashangaa. Akamtazama kijana, akamtazama wakili.

"Marahaba, mwanangu. Mimi nilisema ishirini na sita."

Nilitaka kuruka. Wakili, mama mmoja mwenye miwani iliyoshuka puani, akaacha kuandika. Kijana akaanza kucheka kile kicheko chake cha biashara.

"Mzee kachanganya, Dada. Ishirini na sita ilikuwa zamani, kabla ya..."

"Zile tano nilizompa akuletee," Dada Mita akaendelea, macho kwa mzee tu, "ulipokea ngapi?"

"Mbili. Aliniambia ndizo ulizokuwa nazo."

Mzee aliona aibu ambayo haikuwa yake peke yake, akaanza kuzungusha kofia. Akasema mpira aliuona, ndiyo, na bili ya maji alikuwa akirudishiwa na dalali. Alijua kuna ujanja. Hakujua ni wa kumfanyia dada mtu. Nilitaka kumwonea huruma nikashindwa. Mtu anayeacha maji yatiririke miezi minne bila kuuliza anajua vizuri kwa nini hataki kuuliza.

Kijana sasa alikuwa amegeuza wimbo. "Dada, sikiliza. Wewe ungezunguka na kadi zako miaka kumi bila kununua kitu. Nilikuwa nakusukuma tu. Vyumba vingejaa. Na mimi si wa kwako? Nikipata mimi si umepata wewe?"

"Ningelala wapi?" akamuuliza.

"Eh?"

"Hesabu yako ilinipeleka mpaka miaka tisini na mmoja. Nataka kujua katika hesabu hiyo mimi nilikuwa nalala wapi, nakula nini. Lazima ulipiga. Ulipiga mpaka matone."

Ulimi wa asali ulikuwa umekwisha, akabaki anarekebisha mikono ya suti. Ile suti, nilikuja kuambiwa baadaye, nayo ilinunuliwa na dada yake.

Dada Mita akatoa kadi mpya na kuiweka mbele ya mzee. Hakuipamba. Vyumba sita kwa elfu arobaini na tano, miezi kumi na moja, ni milioni mbili, laki tisa na sabini. Toa laki nne na sabini za matengenezo na kodi ya jengo, inabaki mbili na nusu. Paa jipya ni milioni tatu na nusu. Alikuwa ameshampeleka fundi paa Alhamisi, na safari hii aligonga milango yote sita. Choo kimejaa. Kwa hali hiyo nyumba ile kwake ni milioni ishirini, hazizidi.

"Wewe umepokea mbili," akamwambia. "Nakulipa kumi na nane leo. Ukikataa, nirudishie mbili zangu, na zile tatu nitajua la kufanya."

Mzee akaomba ishirini na mbili. Akaomba ishirini na moja. Dada Mita akamwonyesha kwa kidole mstari wa paa. Mzee akakubali shingo upande. Ukijumlisha zile tatu zilizoliwa pamoja na paa, pesa yake itarudi akiwa na miaka sitini na mitatu. Akiba nyingine imebaki chamani. Niliipiga hesabu hiyo mara mbili kichwani nikitafuta pa kufurahia, nikapapata, lakini hasira haikunitoka.

Wakili akaandika mkataba. Ni mtu wa kuuliza kila kitu, na alipofika kwenye malipo ya awali akainua miwani.

"Hapa lazima ionekane milioni tano zilitoka, mbili zikafika. Hizi tatu zimepokelewa na dalali?"

"Ndiyo," Dada Mita akasema. "Andika jina lake, atie sahihi kwamba amezipokea. Sizidai."

Kijana akapumua. Niliona mabega yakishuka, akaelewa kwamba hafungwi, halipi, na tabasamu likarudi usoni mwake taratibu. Hana haya wala soni. Akavuta kiti karibu na meza, akatia sahihi yake kubwa yenye mikia kwenye stakabadhi.

"Dalali ana uhusiano wowote na mnunuzi?" wakili akauliza.

"Ni dada yangu huyu," kijana akasema. "Tumbo moja. Ndiye aliyenilea."

Vidole vya wakili vikaanza kugonga mashine ya kuandikia. Dada Mita akanyoosha mkono juu ya meza, akauweka mbele ya karatasi.

"Futa hapo, mama," akamwambia. "Andika hakuna."

"Dada," kijana akasema.

"Andika hakuna."

Wakili akanitazama mimi, sijui kwa nini, kisha akafuta, akaandika. Dada Mita akausoma ukurasa wote mpaka chini, akatia sahihi, akanisogezea kalamu.